Inningi Moja, Warushaji Wawili: Namna ya Kuzisoma Takwimu za Joe Cleary na Bert Shepard

Katika kumbukumbu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani umo wastani wa 189.00 na umo wastani wa 1.69. Wa kwanza unaonekana kuwa wa mchezaji mbovu kupita kiasi, na wa pili unaonekana kuwa wa bingwa, lakini zote mbili zilipatikana siku moja, katika uwanja mmoja, kwa timu moja, na wenye namba hizo walipokezana mpira katikati ya inningi ileile. Siku yenyewe ilikuwa 4 Agosti 1945, uwanja ulikuwa Griffith Stadium jijini Washington, na timu iliyowatumia wote wawili ni Washington Senators, iliyokuwa ikicheza na Boston Red Sox. Joe Cleary, mwenye 189.00, hakurusha tena mpira katika ligi kuu mpaka alipofariki. Bert Shepard, mwenye 1.69, naye hakurusha tena. Maisha ya kila mmoja wao katika ligi kuu yanaingia katika mstari mmoja wa takwimu, na mistari hiyo imesomwa vibaya kwa miaka mingi: mmoja umegeuzwa mzaha, mwingine umegeuzwa ushahidi wa jambo ambalo hauwezi kulithibitisha.

Kabla ya kufika kwenye hesabu, msomaji aliyezoea soka anahitaji maelezo machache. Besiboli huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 9 kila upande, na mchezo wa kawaida una inningi 9. Katika kila inningi, kila timu hupata zamu ya kupiga, na zamu hiyo haimalizwi na saa bali na wapigaji watatu kutolewa. Mrushaji husimama katikati ya uwanja juu ya kichuguu kilichojengwa kwa ajili yake, akarusha mpira kuelekea kwa mpigaji mwenye rungu. Mpigaji akipiga vizuri hukimbilia besi ya kwanza, na kutoka hapo husogea kadiri wenzake wanavyopiga. Akizipita besi tatu na kurudi salama alikoanzia, timu yake huandikiwa pointi. Mpigaji akikosa mipira mitatu halali, ametolewa. Mrushaji naye akirusha mipira minne iliyo nje ya eneo halali, mpigaji hupewa besi ya kwanza bure. Kwa kuwa hakuna saa, zamu ya timu inaweza kwenda mbali sana endapo mrushaji hapati wa kumtoa, na ndivyo ilivyotokea katika inningi ya nne ya mchezo huo.

Kipimo ambacho mashabiki hukitazama kwanza kwa mrushaji ni wastani wa pointi anazobebeshwa, ambao huandikwa kwa herufi tatu, ERA. Kinajibu swali hili: kama mtu huyu angerusha inningi 9 kamili kwa kiwango alichokionyesha, wapinzani wangepata pointi ngapi? Huchukuliwa pointi alizobebeshwa, zikazidishwa kwa 9, kisha zikagawanywa kwa idadi ya inningi alizorusha. Pointi zinazotokana na uzembe wa wachezaji wengine uwanjani hazimo. Kila mpigaji anayetolewa huhesabiwa kuwa theluthi ya inningi, kwa sababu watatu ndio wanaoikamilisha. Mrushaji mzuri wa ligi kuu huwa na wastani ulio karibu na 3 au chini yake.

Ipo kanuni moja zaidi, na ndiyo yenye kuleta utata mwingi. Mchezaji aliyefika kwenye besi wakati mrushaji fulani yupo kazini hubaki deni la mrushaji huyo hata baada ya yeye kuondolewa uwanjani. Aliyempokea akishindwa kuwazuia, pointi zinaandikwa kwa aliyeondoka. Kwa hiyo wastani wa mrushaji anayeingia katikati ya inningi na kutoka katikati ya inningi umefungwa na kazi ya watu wawili wengine, aliyemtangulia na aliyemfuata.

Sasa tumchukue Cleary. Alikabiliana na wapigaji 9. Watano walimpiga vizuri, watatu aliwapa besi ya bure, na mmoja alimtoa kwa kukosa mipira mitatu. Kati ya wanane waliofika kwenye besi, saba walirudi salama. Pointi 7 mara 9 ni 63, na kuigawanya 63 kwa theluthi moja ni sawa na kuizidisha kwa tatu, basi jibu ni 189.00. Hesabu haina kasoro. Ni wastani mkubwa kuliko wa mrushaji mwingine yeyote wa ligi kuu aliyefanikiwa kumtoa angalau mpigaji mmoja, na sharti hilo la mwisho lina uzito wake, kwa sababu wapo waliopokea pointi bila kumtoa yeyote, na hao wastani wao hauandikiki kabisa, kwani hakuna namba inayogawanyika kwa sifuri. Hivyo Cleary ameingia kwenye rekodi kwa sababu ya yule mmoja aliyemtoa. Kama hata huyo angemshinda, leo asingetajwa.

Aliyemtoa alikuwa Dave Ferriss, mrushaji wa Boston, kwa maana wakati ule warushaji pia walipiga. Ferriss mwenyewe ni zao la vita. Jeshi lilimwachia mapema 1945 kwa sababu ya pumu, na katika msimu huo, wake wa kwanza katika ligi kuu, alishinda michezo 21.

Zipo pia namba ambazo hazikuandikwa lakini zinapatikana kwa kuhesabu. Wapigaji tisa, mmoja katolewa, saba wamepata pointi: maana yake Cleary aliondoka akiacha deni la mkimbiaji mmoja kwenye besi. Shepard aliingia wakati huo, wapigaji wawili wakiwa wameshatolewa, na wa kwanza aliyekutana naye alikuwa George Metkovich. Alimtoa kwa kukosa mipira mitatu, na inningi ikaisha. Kama Metkovich angepiga vizuri na yule mkimbiaji akarudi salama, pointi isingeandikwa kwa Shepard. Ingeandikwa kwa Cleary, na wastani wake ungepanda mpaka 216.00. Tofauti ya 27 ingetokana na mpira ambao hakuurusha yeye. Anayetaka kujua jinsi kipimo hiki kinavyoyumba pale inningi zinapokuwa chache hahitaji mfano mwingine. Kipa wa soka anayeingia dakika tatu kabla ya mwisho na kufungwa mabao mawili, tukikadiria kwa dakika 90, amefungwa 60. Hakuna kocha atakayemhukumu kwa 60 hizo, lakini besiboli huiandika namba ya namna hiyo na kuichapisha kila mwaka bila maelezo.

Inningi yenyewe ilikuwa mbaya kwa kila aliyeigusa upande wa Washington. Boston walipata pointi 12 ndani yake, saba zikaandikwa kwa Cleary na zilizobaki kwa aliyemtangulia. Mchezaji wa Boston aitwaye Tom McBride alipiga mara mbili besi zote tatu zikiwa na watu, mara moja akafika besi ya pili na mara nyingine besi ya tatu, na akawaingiza wenzake sita katika inningi hiyo peke yake, jambo lililomweka kwenye rekodi ya ligi. Cleary alirushwa ndani ya moto ambao tayari ulikuwa unawaka.

Alikuwa na umri wa miaka 26. Alizaliwa mjini Cork, Ireland, 1918, akakulia New York, na baada yake hakuonekana mzaliwa mwingine wa kisiwa hicho katika ligi kuu mpaka 2018, P. J. Conlon wa Belfast alipoichezea New York Mets. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 70 jina la Cleary lilitajwa kwa sababu mbili, pa kuzaliwa kwake na 189.00 yake, na ya pili ndiyo iliyopata masikio zaidi. Kwa maoni yangu mzaha huo haumstahili. Namba hiyo inaeleza kwa usahihi kilichotokea ndani ya dakika chache, lakini haisemi lolote kuhusu kile mrushaji huyo angefanya katika wiki au mwezi. Tuseme baada ya siku hiyo angepewa inningi 100 na akabebeshwa pointi 44, yaani kiwango cha mchezaji wa kawaida tu: wastani wake wa jumla ungeshuka mpaka 4.57 hivi, na ile 189.00 isingekuwepo popote. Kilichomharibia jina ni kwamba mlango ulifungwa mara tu baada ya kushindwa.

Habari ya Shepard ni pana zaidi, na haikuanzia uwanjani.

Alizaliwa 1920 katika mji mdogo wa Dana, jimbo la Indiana. Alirusha kwa mkono wa kushoto, na kabla ya vita alikuwa akihangaika katika ligi za chini kama vijana wengi wa wakati wake. Aliingizwa jeshini 1942, akajifunza urubani, akapelekwa Uingereza kurusha ndege ya kivita aina ya P-38 Lightning katika kikosi cha 55 kilichokuwa kambini Wormingford, mashariki mwa nchi hiyo. Tarehe 21 Mei 1944, akiwa katika safari yake ya 34 ya mapigano, ndege yake ilipigwa kutoka ardhini ikishambulia uwanja wa ndege wa Wajerumani. Risasi zilimpata mguuni na kichwani, akapoteza fahamu, na ndege ikaanguka. Wakulima wenye hasira walimfikia, na aliyemwokoa mikononi mwao ni daktari wa jeshi la anga la adui, Ladislaus Loidl, ambaye alihakikisha rubani huyo anafikishwa hospitali. Mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Katika kambi ya wafungwa wa kivita, mfungwa mwenzake kutoka Kanada, Don Errey, alimtengenezea mguu wa bandia kwa vifaa vilivyopatikana humo. Shepard akaanza kutembea, kisha kurusha mpira. Mapema 1945 alirudishwa Marekani katika mabadilishano ya wafungwa majeruhi, akalazwa hospitali ya Walter Reed jijini Washington. Huko alikutana na Robert Patterson, naibu waziri wa vita, aliyekuwa akiwajulia hali waliorudi. Patterson alimuuliza anataka kufanya nini maishani, naye akajibu kwamba kama hawezi tena kurusha ndege vitani, anataka kucheza besiboli. Mkubwa huyo alikuwa na mashaka, lakini alimpigia simu Clark Griffith, mmiliki wa Senators, na Machi 1945 Shepard alikuwa mazoezini na timu hiyo akiwa na mguu mpya.

Mguu uliopotea ni wa kulia, na jambo hili si dogo kwa anayejua kazi ya kurusha. Mrushaji wa mkono wa kushoto husukuma mwili kwa mguu wa kushoto na kutua kwa wa kulia. Hivyo nguvu ya kusukuma Shepard alikuwa nayo kamili, lakini kila alipoachia mpira, uzito wake wote ulitua juu ya mguu wa bandia, kwenye mteremko wa kichuguu, na papo hapo alitakiwa awe tayari kuudaka mpira uliorudi au kukimbilia ule uliogongwa polepole mbele yake. Wapigaji hupenda kumjaribu mrushaji mzito wa miguu kwa mipira hiyo mifupi, na ndiyo sababu mazoezi yake ya mwanzo yalihusu hasa kuiwahi. Mguu wa bandia wa 1945 haukuwa na kifundo chenye uhai kama inavyotengenezwa siku hizi.

Griffith alimpa kazi ya ukocha na kumwandikisha kama mchezaji. Wizara ya vita nayo ilikuwa na haja yake: maelfu ya vijana walikuwa wakirudi bila mikono au miguu, na hapakuwa na hotuba ya kuwatia moyo iliyoshinda kuonekana kwa mwenzao akiwa na sare ya timu ya ligi kuu. Alipigwa filamu, akatembelea wagonjwa, akarusha mipira ya mazoezi kwa wenzake kabla ya michezo. Tarehe 10 Julai, siku ambayo kwa kawaida ingekuwa karibu na mchezo wa nyota wa ligi, ambao mwaka huo ulifutwa kwa sababu ya vikwazo vya usafiri vya wakati wa vita, alianza kama mrushaji katika mchezo wa hisani dhidi ya Brooklyn Dodgers, na Washington wakashinda 4-3. Mchezo huo haumo katika takwimu zake. Kumbukumbu rasmi huhesabu michezo ya ligi tu, basi moja ya siku zake nzuri mbele ya wapigaji wa ligi kuu haina namba.

Ndipo ikaja 4 Agosti. Senators walikuwa katika kipindi kigumu cha kucheza michezo miwili kwa siku, siku baada ya siku, na chanzo chake kilikuwa cha kibiashara: Griffith alipanga kuumaliza msimu mapema ili uwanja ukodishwe kwa timu ya futiboli ya Kimarekani, hivyo michezo ilibanwa. Warushaji walichoka. Katika mchezo wa pili wa siku hiyo, baada ya Boston kufikisha pointi 14, kocha mkuu Ossie Bluege hakuwa na haja ya kuharibu mkono wa mtu anayemtegemea. Akamwita Shepard.

Alimaliza mchezo mzima uliobaki. Inningi tano na theluthi moja, mapigo matatu, besi ya bure moja, wawili waliotolewa kwa kukosa mipira mitatu, pointi moja. Moja mara 9, kugawanya kwa 5 na theluthi, ni 1.6875, na vitabu huandika 1.69. Kwa rungu alipata zamu tatu na hakupata pigo hata moja, jambo la kawaida kwa mrushaji. Mwisho wa mwezi huohuo alitunukiwa hapohapo uwanjani nishani ya Distinguished Flying Cross kwa utumishi wake wa vita.

Sasa je, 1.69 inatueleza nini? Kiongozi wa ligi hiyo mwaka 1945 kwa kipimo hikihiki alikuwa Hal Newhouser wa Detroit Tigers, mwenye 1.81. Ukisoma namba peke yake, Shepard alimpita mrushaji bora wa mwaka. Lakini Newhouser alirusha inningi 313 na kitu, akashinda michezo 25, na akachaguliwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi kwa mwaka wa pili mfululizo. Chini ya wastani wake kuna wapigaji zaidi ya elfu moja; chini ya wastani wa Shepard wamo takriban ishirini. Laiti Bluege angempa inningi moja zaidi siku nyingine na wapinzani wakapata pointi nne, kitu kinachowapata hata mabingwa, wastani wake ungeruka kutoka 1.69 mpaka 7.11. Ndiyo maana ligi haimhesabu yeyote katika mbio za wastani bora bila kiwango fulani cha kazi. Siku hizi ni inningi moja kwa kila mchezo wa timu, yaani 162 kwa msimu.

Yapo pia mazingira ya inningi zenyewe. Boston ya 1945 ilimaliza ya saba kati ya timu nane, na mpigaji wake mkuu, Ted Williams, alikuwa amevaa sare ya jeshi la majini tangu msimu wa 1943. Ilikuwa mbele kwa pointi nyingi, na wapigaji wanaoongoza kwa kiasi hicho, katika mchezo wa pili wa siku ya Agosti, hawana ukali wa wanaotafuta ushindi. Griffith Stadium nao ulikuwa uwanja mpana ulioficha udhaifu wa warushaji: msimu mzima wa 1945 Senators walipiga hapo pigo moja tu la kumrudisha mpigaji mwenyewe nyumbani, la Joe Kuhel, na hata hilo halikuvuka ukuta, alilikimbilia mwenyewe mpira ukiwa bado ndani. Uwanja huo ulimsaidia Shepard, na kwa mizani hiyohiyo unaifanya inningi ya nne ya Cleary ionekane ya ajabu zaidi.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba namba hizo hazina maana yoyote. Zinathibitisha jambo moja dogo lililo imara: mtu mwenye mguu mmoja wa asili alisimama kwenye kichuguu cha ligi kuu akawatoa wapigaji 16, na wapigaji hao, pamoja na upungufu wao wa wakati wa vita, walikuwa wachezaji wa kulipwa. Kwa swali la kama alikuwa na uwezo wa kurusha kwa msimu mzima, hazijibu. Sifa yake haihitaji kuongezewa kwa kudai kwamba alikuwa na wastani bora kuliko Newhouser, na wanaopenda kuliweka hivyo wanamvisha vazi lisilo lake.

Mazingira mapana ya vita ndiyo yaliyowaweka wote wawili hapo. Januari 1942, wiki chache baada ya Japani kuishambulia bandari ya Marekani ya Pearl Harbor, kamishna wa besiboli Kenesaw Mountain Landis alimwandikia Rais Franklin Roosevelt kuuliza kama mchezo usimamishwe. Roosevelt alijibu kwamba kwa maoni yake ni heri kwa nchi mchezo uendelee, ila wachezaji wasipewe upendeleo wowote wa kukwepa jeshi. Kwa hiyo timu zote 16 ziliendelea, huku zaidi ya wachezaji 500 wa ligi kuu wakipita jeshini kabla ya amani kurudi. Nafasi zao zilijazwa na wazee waliokaribia kustaafu, vijana wasiokomaa, na wale ambao madaktari wa jeshi waliwakataa. Newhouser mwenyewe alikataliwa kwa sababu ya moyo. St. Louis Browns walimtumia Pete Gray, mchezaji wa mkono mmoja, katika michezo 77. Griffith alitegemea pia wachezaji kutoka Cuba, waliotafutwa na wakala wake Joe Cambria, kwa kuwa mwanzoni hawakuguswa na sheria ya kuandikishwa jeshini.

Hata mpira wenyewe ulibadilika. Japani ilipoziteka Malaya na visiwa vya Waholanzi, mpira wa miti ukawa haba duniani kote. Waingereza waliwalazimisha watu wa Tanganyika kwenda kugema mpira mashambani, na huko Marekani msimu wa 1943 ulianza kwa mipira iliyojazwa balata, utomvu mgumu wa miti ya aina nyingine, badala ya mpira halisi, mipira mizito isiyoruka, iliyowafanya warushaji waonekane bora kuliko walivyo. Kufikia 1945 tatizo hilo lilikuwa limekwisha, lakini wapigaji hodari bado walikuwa wachache: bingwa wa kupiga wa ligi hiyo, Snuffy Stirnweiss wa New York Yankees, alishinda kwa .309, yaani mapigo 309 kwa kila zamu 1,000, kiwango ambacho miaka mingine kisingemfikisha karibu na kiti hicho. Kila wastani wa mrushaji wa mwaka huo unapaswa kusomwa kwa kukumbuka hivyo.

Aliyepata bahati ambayo Cleary hakuipata ni Joe Nuxhall. Juni 1944 Cincinnati Reds walimwingiza akiwa na umri wa miaka 15, mchezaji mdogo kuliko wote wa karne hiyo katika ligi kuu, dhidi ya St. Louis Cardinals. Aliwatoa wapigaji wawili, akatoa besi tano za bure, akabebeshwa pointi tano, na akaondoka na wastani wa 67.50. Angeishia hapo, jina lake lingekaa kwenye orodha ileile ya vichekesho. Lakini alikuwa mtoto, alirudi shuleni, akapanda upya kupitia ligi za chini, akaonekana tena 1952, na alipostaafu alikuwa ameshinda michezo 135 kwa wastani wa 3.90 katika inningi zaidi ya 2,300. Mchango wa siku ile ya 1944 katika wastani huo ni takriban 0.02.

Swali linalobaki ni kwa nini Shepard, aliyefanya vizuri, hakuitwa tena. Jibu lipo kwenye msimamo wa ligi. Senators wa 1945, timu iliyozoea kushika mkia, walikuwa wakigombea ubingwa. Warushaji wake wanne wakuu, Roger Wolff, Dutch Leonard, Mickey Haefner na Johnny Niggeling, wote walitegemea mpira usiozunguka, unaoyumba hewani hata mdakaji wao asijue utatua wapi, na wastani wa timu nzima ulikuwa chini ya 3. Bluege hakuwa na nafasi ya kujaribu, na kila mchezo wa Agosti na Septemba ulikuwa na uzito. Shepard aliingia 4 Agosti kwa sababu mchezo ulikuwa umeshapotea, na michezo iliyopotea mapema kiasi hicho haikuwa mingi. Washington walimaliza wakiwa nyuma ya Detroit kwa mchezo mmoja na nusu, na Detroit walijihakikishia ubingwa tarehe 30 Septemba kwa pigo la Hank Greenberg, aliyerudi kutoka jeshini katikati ya msimu huo.

Mwaka 1946 waliorudi walikuwa wengi, na nafasi za muda zikafutika. Mguu wa Shepard ulihitaji kupasuliwa tena, na miaka hiyo ilimpita. Alirusha na kufundisha katika ligi za chini, na 1949 alikuwa kocha na mchezaji huko Waterbury, Connecticut. Baadaye alishinda mara mbili ubingwa wa taifa wa gofu wa waliokatwa viungo, na 1993 alikutana tena na Loidl, aliyekuwa hajui kwa karibu miaka 50 kama mgonjwa wake aliishi. Alifariki 2008. Cleary alifariki miaka minne kabla yake, katika jimbo lilelile la New York alikokulia. Hakuna mrushaji aliyepata wastani mkubwa kuliko wake tangu hapo huku akiwa amemtoa mpigaji hata mmoja.